Namna ya kuzitambua mapema timu zitakazowania ubingwa wa futiboli ya vyuo Marekani

Daraja la juu la futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo nchini Marekani, FBS, lina timu zaidi ya 130, na zenye ubavu wa kubeba taji mwaka wowote ni nadra kuzidi kumi. Kazi ya mtabiri si kumtaja bingwa. Ni kuzichuja zibaki hizo kumi kabla msimu haujaanza mwishoni mwa Agosti, kisha kuipa kila moja asilimia yake. Wengi hukwama mapema kwa sababu wanaanza na jedwali la mwaka uliopita. Jedwali hilo limejaa bahati, na bahati haina mkataba wa msimu mwingine.

Vipaji kwanza

Kila mchezaji anayesajiliwa kutoka sekondari hupangiwa nyota na mitandao ya usajili, na tano ndizo za juu kabisa. Chukua usajili wa miaka minne ya karibuni, hesabu wenye nyota nne na tano, ugawanye kwa idadi ya wote. Wakizidi asilimia 50, timu imevuka kizingiti ambacho mchambuzi Bud Elliott alikipa jina la Blue-Chip Ratio. Miaka hii zinazovuka ni kama 15 hadi 18. Tangu mtoano uanze msimu wa 2014, kila bingwa alitoka humo, hadi Indiana ilipochukua taji la msimu wa 2025 kwa rekodi ya 16-0, yaani ushindi 16 bila kupoteza.

Kizingiti hakijafa kwa sababu ya Indiana, ila sasa kinahitaji safu ya pili kwenye lahajedwali lako: waliohamia. Kocha wa Indiana, Curt Cignetti, alifika huko akitokea chuo cha James Madison na kundi la wachezaji wake, na kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) wa kikosi cha ubingwa, Fernando Mendoza, alitoka chuo cha California. Nyota za sekondari haziwaoni watu wa aina hiyo. Mchezaji aliyehama mpime kwa kazi aliyokwisha kuifanya: mechi alizoanza, yadi alizopata, na ugumu wa konferensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja) aliyotoka. Nyota alizopewa akiwa na miaka 17 zisikushughulishe tena. Wala usifunge hesabu kabla dirisha la uhamisho la Januari halijafungwa.

Nani amebaki

Tafuta asilimia ya uzalishaji unaorudi: yadi za kwotabeki na wapokeaji, mechi za kuanza za wale watano wa mbele wanaomkinga kwotabeki, na ukabaji wa safu ya ulinzi. Wahamiaji wanaoingia nao wahesabiwe. Mizani ya kuanzia upande wa mashambulizi inaweza kuwa kwotabeki 30, watano wa mbele 30, wapokeaji 30, wakimbiaji 10. Wakimbiaji nimewapa kidogo makusudi, maana hao ndio rahisi kuwapatia mbadala.

Ohio State ya 2024 ilikuwa karibu kielelezo kamili. Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka na TreVeyon Henderson waliahirisha kwenda NFL, ligi ya kulipwa, kisha wakaongezwa Caleb Downs kutoka Alabama, Quinshon Judkins kutoka Ole Miss na kwotabeki Will Howard kutoka Kansas State. Ilipoteza mechi mbili, dhidi ya Oregon na Michigan, na bado ikabeba ubingwa. Kinyume chake ni Florida State: 13-0 kabla ya mechi ya mwisho ya 2023, nguzo zake nyingi zikaondoka, jina likaiweka kwenye kumi bora kabla ya msimu uliofuata, na msimu ukaisha kwa 2-10.

Ikoshe rekodi

Hapa ndipo kuna faida kubwa kwa kazi ndogo. Pandisha pointi ilizofunga timu kwa kipeo cha 2.37, fanya hivyo kwa ilizofungwa, kisha gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Timu iliyofunga 420 na kufungwa 252 katika mechi 12 inapata 0.77, yaani ushindi 9.2. Kama jedwali linasema 11-1, karibu ushindi mbili ni za kuazima.

Zinatoka wapi? Mara nyingi sehemu mbili. Ya kwanza ni mechi za tofauti ya pointi 8 au pungufu, ambazo kwa muda mrefu huelekea nusu kwa nusu hata kwa timu nzuri. Timu iliyoshinda saba kati ya saba za namna hiyo ishushe. Ya pili ni mipira inayoanguka. Kuuangusha mpira wa mpinzani ni ujuzi. Kuuokota ni suala la unakodundia. Jumlisha mipira yote iliyoanguka katika mechi zake, pande zote mbili, ugawanye kwa mbili. Ikiwa ilianguka 26 na timu ikaokota 18, imepata mitano zaidi ya haki yake, na mpira mmoja una thamani ya pointi kama nne au tano.

TCU ya 2022 ilipita ratiba yote ya kawaida bila kupoteza, nyingi ikizimaliza kwa tabu dakika za mwisho. Mbio za sakafuni: Georgia iliitandika 65-7 kwenye fainali, na mwaka uliofuata TCU ikamaliza 5-7.

Nguvu halisi kwa pointi

Kwa kila mechi ya msimu uliopita, chukua tofauti ya pointi na uikatie kwenye 28, kwa kuwa kinachozidi hapo hupatikana dhidi ya wachezaji wa akiba. Toa 2.5 kama timu ilikuwa nyumbani, ongeza 2.5 kama ilikuwa ugenini, kisha ongeza wastani wa tofauti za mpinzani. Mechi dhidi ya timu za FCS, daraja lililo chini ya FBS, zitupe nje. Pata wastani, urudie hesabu nzima kwa kutumia wastani mpya wa wapinzani, mara nne au tano hivi, mpaka namba zitulie.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, hesabu kiwango cha mafanikio. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Jaribio la kwanza limefaulu likipata asilimia 50 ya yadi zinazohitajika, la pili 70, la tatu na la nne 100. Kipimo hiki hakiyumbi kama pointi, kwa hiyo timu yenye pointi nyingi na mafanikio haba ishuku.

Namba uliyopata ipunguze theluthi moja, kwani timu zote huvutwa kuelekea wastani. Kisha rekebisha: kikosi kinachorudi kwa wingi, ongeza pointi 2 au 3, kwotabeki mzoefu akiondoka bila mrithi, toa 3 hadi 5. Timu inayobaki juu ya wastani kwa takriban 20 iingize kwenye orodha ya wawaniaji.

Toka pointi hadi asilimia

Tofauti ya nguvu kati ya timu mbili, ukiongeza ile 2.5 kwa mwenyeji (mcheza kwao hutunzwa), ndiyo matokeo unayotarajia. Igawanye kwa 16, uipitishe kwenye fomula ya lahajedwali ya NORM.S.DIST, inayoigeuza kuwa uwezekano wa kushinda. Pointi 3 zinakupa asilimia 57, 7 zinakupa 67, 14 zinakupa 81, na 21 ni 91. Jumla ya asilimia za mechi 12 ndiyo idadi ya ushindi unaotarajiwa. Timu iliyo chini ya 9.5 ina safari ngumu hata kama ni nzuri, na hapo ratiba inaweza kuwa mkosaji kuliko kikosi.

Mtoano una timu 12 tangu msimu wa 2024. Nne za juu hupumzika raundi ya kwanza, ya tano hadi ya nane zinacheza raundi hiyo nyumbani. Anayepumzika ana mechi tatu: kwa asilimia 65 kila moja, uwezekano wa taji ni 27. Asiyepumzika ana nne, anabaki na 18. Usichanganyikiwe na kwamba timu zote nne zilizopumzika 2024 zilifungwa robo fainali, na tatu kati ya nne 2025. Mwaka 2024 nafasi hizo zilitengewa mabingwa wa konferensi, kwa hiyo Boise State na Arizona State zilipumzika zikiwa nafasi ya 9 na ya 12 kwenye orodha ya kamati ya uteuzi. Kanuni hiyo iliondolewa 2025. Kanuni zisome upya kila Agosti.

Msimu ukianza, makadirio yako ya awali yabaki na uzito wa nusu hivi baada ya mechi nne, yakififia karibu na mechi ya tisa. Kuna jambo moja lisilongoja wastani: kwotabeki akiumia, rekebisha siku hiyo hiyo. Kamati ya uteuzi, inayochagua timu za mtoano, nayo hufanya hivyo. Baada ya kwotabeki wake Jordan Travis kuvunjika mguu 2023, Florida State iliachwa nje ya mtoano, ambao wakati huo ulikuwa wa timu nne, ikiwa haijapoteza mechi hata moja.