Programu za Bure za Kuanza Nazo kwenye Kompyuta

Kabla ya kupakua programu yoyote, fungua tovuti rasmi ya watengenezaji wake, kwa kuwa tovuti za kati mara nyingi huambatanisha programu nyingine ambazo mtumiaji hakuziomba. Kwa nyaraka na majedwali, sakinisha LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. VLC itacheza karibu kila aina ya video.

Ninaloliona muhimu kuliko yote ni utunzaji wa nywila. Programu ya KeePassXC huzihifadhi zote katika faili moja lililosimbwa, yaani lisilosomeka bila nywila yake, ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Unda hifadhidata mpya, yaani faili hilo lenyewe, chagua nywila kuu ndefu yenye maneno kadhaa yasiyohusiana, kisha iache programu ikutungie nywila tofauti kwa kila akaunti. Weka nakala ya faili hilo kwenye diski ya nje, maana ukilipoteza, au ukiisahau nywila kuu, hakuna atakayeweza kukurudishia.

Katika kivinjari cha Firefox, fungua menyu, ingia sehemu ya viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari, tafuta uBlock Origin na uiongeze; huzuia matangazo na vifuatiliaji vinavyorekodi unachofanya mtandaoni. Viendelezi vingine viwe vichache, kwa sababu vingi huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua.