Jinsi ya kupiga hesabu ya ugonjwa wa kurithi kwa karatasi na kalamu tu

Kazi yangu ni kukaa na familia zenye magonjwa ya kurithi, na swali linalokuja kila siku ni lilelile: "mbona sisi wawili wazima kabisa tumezaa mtoto mgonjwa?" Jibu unaweza kulitafuta mwenyewe, chukua karatasi twende.

Hatua ya 1: chora ukoo. Mwanaume mraba, mwanamke duara, anayeumwa mpake wino ndani. Rudi hadi kwa babu na bibi, vizazi vitatu vinatosha. Usiwaruke waliofariki wachanga, wale ndo husahaulika na mara nyingi jibu liko kwao. Uliza pia kama waliooana ni ndugu wa damu, maana wanaweza kuwa wamerithi jeni (agizo la mwili linalorithiwa) ileile mbovu toka kwa babu mmoja.

Hatua ya 2: angalia picha imekaaje. Tuna kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 46, yaani jozi 23, nusu ya mama nusu ya baba, kwa hiyo karibu kila jeni unayo nakala mbili. Ugonjwa ukishuka kila kizazi bila kuruka, basi nakala moja mbovu inatosha kukuumiza, ugonjwa wa ubongo uitwao Huntington uko hivyo, kila mtoto ana 50% ya kuurithi. Ukitokea ghafla kwa ndugu wa tumbo moja huku wazazi wazima, hapo zinatakiwa nakala mbili mbovu, kama selimundu au ualbino.

Wakiumwa wavulana karibu peke yao na historia iko upande wa mama, shuku kromosomu X, mfano hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Mvulana ana X moja tu na kaipata kwa mama, kwa hiyo baba mwenye hemofilia hawezi kumrithisha mwanae wa kiume, ila binti zake wote wanaibeba.

Hatua ya 3: piga hesabu. Tuchukue selimundu, jeni nzima tuiite A, mbovu S. Baba AS, mama AS. Chora boksi la vyumba vinne, juu andika A na S za baba, pembeni A na S za mama, halafu jaza. Unapata AA moja, AS mbili, SS moja. AS ni mbebaji tu, SS ndo anaumwa, yaani 25%. Na uone hapo, kila mzazi kaleta S yake, kwa hiyo kumlaumu mama peke yake ni uonevu.

Hatua ya 4: hapa tulia kabisa, hiyo robo sio zamu! Mama mmoja mwenye watoto wawili wagonjwa alinihesabia kwa vidole, akasema hawa wameshabeba sehemu yao, wanaofuata wako salama. Nikampa sarafu mbili azirushe, zote zikilala upande wa picha ndo SS. Zikalala picha zote, akarusha tena, picha tena, akanyamaza akiziangalia. Sarafu haikumbuki ilivyolala mara ya kwanza, na kila mimba inaanza upya na robo ileile.

Hatua ya 5: dada mzima wa mgonjwa. Wengi wanasema ana nusu ya kuwa mbebaji, sio kweli. Tayari tunajua sio SS, futa hicho chumba, vimebaki vitatu na viwili kati yake ni AS, kwa hiyo ni 2/3. Akiolewa na AS, kila mimba ina 2/3 mara 1/4, yaani 1/6 ya kupata mtoto SS.

Ila boksi linatoa uwezekano tu, kipimo cha damu ndo kinakwambia ulicho nacho, kwa hiyo mpime wote wawili kabla ya mimba. Kuna kipimo cha haraka kinachoonyesha kuna S bila kutenganisha AS na SS, usiishie hapo, omba cha elektroforesisi kinachotaja aina ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Na mwambie daktari aangalie talasemia ya beta pia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, kwa sababu mwenzako anaweza asiwe na S hata moja, lakini S yako ikikutana na talasemia yake mtoto bado anapata selimundu.