Kutoka na Swali Moja: Mwongozo wa Matembezi ya Mpiga Potreti

Mpiga potreti, yaani picha za nyuso na watu, anayefanya kazi za wateja tu hufika mahali picha zake zote zikafanana: mwanga uleule, mkao uleule, mandharinyuma ileile iliyofifishwa. Dawa ni kutoka kupiga bila mteja. Ila kutoka tu hakutoshi. Wengi hurudi na fremu (picha) 600 wasijue walichojifunza, kwa kuwa walitoka kuwinda picha nzuri, na picha nzuri haiwindiki hivyo. Matembezi yanayozaa ni yale yenye swali moja ambalo kamera inaweza kulijibu siku hiyohiyo.

Swali zuri linapimika. "Uso unabadilikaje mtu akirudi nyuma hatua moja moja kutoka ukingo wa kivuli?" ni swali. "Mikono ikae wapi mtu anaposimama bila kitu cha kuegemea?" ni swali. "Nipige picha zenye hisia" si swali, ni dua. Liandike kwenye daftari kabla hujafungasha chochote, maana ndilo litakaloamua mahali, saa na vifaa. Anayeuliza juu ya ukingo wa kivuli anahitaji jua kali na upenu au mlango mpana. Anayeuliza juu ya mikono anahitaji ukuta mtupu na mtu mvumilivu, basi.

Mfuko mwepesi

Beba kamera moja na lenzi moja. Kwa kamera ya fremu kamili, ambayo sensa yake (sehemu inayopokea mwanga) ina ukubwa wa filamu ya mm 35, lenzi ya mm 85 inakufaa. Kwa sensa ndogo ya APS-C, mm 50 inafanya kazi karibu ileile. Ukiwa na lenzi ya kuvuta (zoom), chagua urefu mmoja uufunge kwa kipande cha utepe. Lenzi ya kuvuta inakufundisha kusimama palepale na kuzungusha mkono, wakati kilichotakiwa kusogea ni miguu yako. Pua inayoonekana kubwa ni kosa la umbali, wala si la lenzi. Ukiwa sentimita 60 kutoka usoni, masikio yako mbali zaidi ya pua kwa karibu sehemu ya tano, hivyo pua inajaa na masikio yanakimbilia nyuma. Ukiwa mita 2, tofauti hiyo inashuka hadi kama asilimia 6 na uso unakaa kama macho yanavyouzoea.

Vingine ni riflekta (kifaa cha kurudisha mwanga) ya kukunja ya sentimita 80 hadi 110 yenye upande mweupe, kitambaa cheusi kisichong'aa cha kama mita 1.5 kwa 2, kadi ya kijivu ya kusahihishia rangi, tishu, betri ya akiba, daftari na penseli. Kitambaa cheusi wengi hukiacha nyumbani, na ni hasara kubwa. Riflekta inaongeza mwanga upande wa kivuli; kitambaa kinaula. Kwenye eneo la wazi ambako mwanga unatoka kila upande na uso umekuwa bapa kama sahani, kining'inize nusu mita kutoka shavu moja, nje ya fremu, uone shavu lile linavyopata umbo.

Dakika ishirini kabla ya kamera

Tenga kama dakika 150 kwa matembezi yote, na ishirini za kwanza kamera ibaki mfukoni. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, kisha jizungushe polepole ukiangalia mwanga unavyopita juu ya vifundo vya vidole. Ngumi ina matuta na mabonde kama uso. Kivuli kikiwa na ukingo mkali, chanzo cha mwanga ni kidogo machoni pa ngumi hata kama chenyewe ni kikubwa, kama jua lilivyo. Kivuli kikiyeyuka taratibu, chanzo ni kipana: anga, ukuta mweupe unaopigwa na jua, dirisha lililo karibu. Pale unapoona upande mmoja umeangaza, wa pili umefifia bila kupotea, na juu hakuna mwanga unaoanguka wima, weka alama. Hapo ndipo mtu atasimama.

Mlango au upenu wenye jua nje ni mwalimu bora kuliko mengi. Mtu asimame ndani ya kivuli, sentimita 30 hadi 60 kutoka mstari wa jua, akitazama nje. Ardhi iliyo mbele yake, ikiwa ni saruji au mchanga mweupe, inarudisha mwanga usoni. Paa linazuia mwanga wa juu. Nyuma yake ndani ni giza. Mwache arudi nyuma hatua moja moja, kila hatua piga fremu mbili. Utaona mwanga unapungua na kuwa wa upande mmoja zaidi, hadi mahali macho yanapopoteza ule ung'avu mdogo kwenye mboni. Hapo umevuka. Rudi hatua moja.

Chini ya mti panadanganya. Jicho linaona kivuli kizuri, kamera inaona madoadoa ya jua kwenye paji la uso na ukijani chini ya kidevu uliorushwa na majani na nyasi. Ukijani huo hautibiki vizuri kwa kubadilisha halijoto ya rangi (kipimo cha ubluu au umanjano wa mwanga kwenye kamera), kwa sababu paji limeangazwa na anga la bluu na kidevu kimeangazwa na nyasi: ukiponya kimoja, kingine kinaharibika. Mtoe mtu kwenye ukingo wa mti, atazame nje, na utandike kitambaa cheusi juu ya nyasi zilizo mbele ya miguu yake.

Siku ya mawingu mazito mwanga ni laini lakini unatoka juu, hivyo mashimo ya macho yanaingia giza. Tafuta chochote cha kuziba juu, hata ukingo wa paa, au mwambie mtu anyanyue kidevu kidogo huku riflekta nyeupe ikiwa usawa wa kifua. Usiishushe hadi magotini: mwanga unaotoka chini kabisa unageuza vivuli vya uso, na mtu anakuwa kama anayesimulia hadithi ya zimwi.

Kuhusu jua la jioni, usipange kwa mazoea uliyosoma mahali pengine. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 24 tu. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta linashuka kwa mshazari na muda huo unarefuka. Mwenye dakika 24 hana nafasi ya kutafuta mahali. Awe amepachagua tayari.

Kupima mwanga wa uso

Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama mtu. Kinachukulia kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati na kujaribu kukifanya kiwe hivyo. Uso mweusi sana ukijaza fremu, kamera inauangaza kupita kiasi na ngozi inapauka. Uso mweupe sana unatiwa giza. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe unaowaka, kamera inafuata ukuta, naye anazama. Weka kamera kwenye upimaji wa nukta, unaopima sehemu ndogo tu ya fremu, lenga shavu la upande wenye mwanga, kisha sahihisha: ngozi nyeusi sana punguza kati ya theluthi mbili za stopu na stopu moja (stopu moja ni mwanga kuongezwa maradufu au kupunguzwa nusu), ngozi ya kahawia iache karibu na sifuri, ngozi nyeupe sana ongeza stopu moja. Ukishapata, hamia hali ya mkono (manual) ufunge vipimo hivyo, la sivyo kila akigeuka kamera itabadili mawazo.

Ngozi nyeusi huchongwa zaidi na mng'ao kuliko na kivuli, na hili ndilo linalokosewa kuliko yote. Watu hutupa mwanga mwingi zaidi wakidhani tatizo ni giza. Kinachotakiwa ni chanzo kipana upande, kama dirisha au ukuta mweupe, ili mng'ao wenyewe uwe mpana na laini kwenye shavu, pua na paji. Jua tupu juu ya jasho hutoa vidoa vyeupe visivyo na data yoyote ndani, na hakuna programu itakayovirudisha. Tishu iguswe tu usoni, isisuguliwe.

Kwa spidi ya shata, muda ambao kamera inapokea mwanga, 1/250 ya sekunde ni salama kwa mtu anayezungumza. Chini ya 1/125 midomo na kope huanza kutikisika. Apacha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga, usiifungue hadi mwisho kwa sababu tu inafunguka. Mm 85 kwa f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) kutoka mita 2 inakupa kina cha ukali cha takriban sentimita 6. Mtu akigeuza uso robotatu, jicho la karibu likiwa kali, la mbali linaanza kuteleza na sikio limekwisha potea. Kwa f/4 unapata kama sentimita 13. Na kwenye jua kamili, ISO 100 (kipimo cha usikivu wa sensa kwa mwanga) kwa f/2 inahitaji karibu 1/6400, kasi ambayo kamera nyingi hazina kwenye shata ya kawaida. F/4 inashuka hadi 1/1600. Halijoto ya rangi iweke thabiti, tuseme 5600 K (kelvini), na upige kadi ya kijivu mara moja kila unapobadili mahali. Ukiiacha kamera ijiamulie, fremu kumi za mtu mmoja zitakuwa na ngozi kumi.

Mtu aliye mbele yako

Toka na mtu mmoja aliyekubali, anayejua kwamba ni mazoezi na atapewa picha. Wapiga picha wanne kumzunguka mtu mmoja ni njia ya uhakika ya kupata macho yasiyojua yatazame wapi. Mkitoka kwa kundi, apige mmoja kwa dakika kumi, wengine washike riflekta na kutazama. Ukitaka kumpiga usiyemfahamu, salamu na ombi vitangulie, kamera ikiwa imeshuka. Eleza unachofanya kwa sentensi moja, mwonyeshe fremu ya kwanza, na akikataa shukuru uondoke. Mtoto anahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi aliyepo pale. Picha utakayoitumia kwa biashara inahitaji idhini iliyoandikwa.

Usimwambie mtu "kaa kawaida". Hakuna anayejua hiyo ni nini mbele ya lenzi. Mpe kazi ndogo: ahamishie uzito mguu wa nyuma, ageuze mabega kabla ya uso, asukume paji mbele kidogo kuelekea kwako ili mstari wa taya ujitenge na shingo. Mikono ikiwa shida, mpe kitu chake mwenyewe cha kushika. Kisha nyamaza sekunde tano. Fremu bora huja mara nyingi pale anapodhani umemaliza.

Kusoma kazi za wengine

Kuvinjari picha 200 kwa siku kunashibisha macho na kuyaacha na njaa. Chukua picha moja, ya kamera au ya brashi, ukae nayo dakika ishirini na penseli. Ifumue. Kivuli cha pua kinasema chanzo kilikuwa juu kiasi gani. Ukingo wa kivuli unasema kilikuwa kipana kiasi gani. Ung'avu kwenye mboni unaonyesha umbo lake na upande wake. Tofauti kati ya mashavu mawili inasema mwanga kiasi gani ulirudishwa. Chora mchoro wa juu wenye mtu, kamera na mwanga, hata ukiwa mbaya. Baada ya hapo tazama kilichoachwa nje ya fremu.

Pembetatu ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi, ni mahali pazuri pa kuanzia: ule mwanga mdogo kwenye shavu la upande wa kivuli, usio mpana kuliko jicho wala mrefu kuliko pua. Ukikaa karibu na dirisha, mgeuze mtu polepole kutoka kwenye mwanga hadi kivuli cha pua kiungane na kivuli cha shavu. Kisipoungana, chanzo kiko mbele mno au chini mno. Jicho la upande ule likikosa mwanga, umegeuza kupita kiasi.

Kwa ubunifu wa kubanwa, mtazame mpiga potreti Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga uani kwa mwanga wa asili, na mara nyingi fremu moja tu kwa kila mteja. Kitambaa chake cha nyuma cha mwanzoni kilikuwa shuka la kitandani kwake. Yale maua na mistari ya nguo juu ya maua na mistari ya kitambaa yanavunja kanuni ya mandharinyuma tupu, na bado uso unatawala. Mwaka huohuo wa 1948 mpiga picha Mmarekani Irving Penn aliwasimamisha watu kwenye kona finyu ya kuta mbili za kutengeneza, na kubanwa kule kukawafanya wajipangie mikao wenyewe. Richard Avedon, Mmarekani mwingine, kati ya 1979 na 1984, alitandika karatasi nyeupe nje, kivulini, ili mahali pafutike abaki mtu. Kila mmoja wao anakupa swali la kutoka nalo.

Ukilijaribu, chukua uamuzi mmoja tu kutoka kwa unayemtazama na ubadili vingine angalau viwili. Chukua kona ya Penn, lakini kwa mtu aliyekaa chini na mwanga wa mlango. Anayechukua mwanga, mkao na nguo vyote pamoja hujifunza kupanga vitu, na kuona kwenyewe kunabaki palepale.

Kuhesabu na kuchagua

Jiwekee fremu 36, kiasi cha mkebe mmoja wa filamu ya mm 35. Kikomo hicho kinakulazimisha kukagua kingo kabla ya kubonyeza: nguzo inayoota kichwani, vidole vilivyokatwa kwenye kiungo, begi jekundu pembeni.

Ukirudi, nakili faili mahali pawili na usichague siku hiyo; bado unakumbuka juhudi na utaipenda picha iliyokusumbua. Subiri siku mbili au tatu. Chagua tatu, zichapishe sentimita 10 kwa 15, uzibandike mahali unapopita kila siku. Ile itakayokuchosha ndani ya wiki ibandue. Kisha tafuta kati ya zile 33 zilizobaki fremu moja iliyokaribia ikakosa, na uandike chini yake kilichoiponza: hatua moja nyuma mno, kidevu cha kijani, mkono usio na kazi. Hilo liandike kwenye ukurasa unaofuata wa daftari kama swali la matembezi yajayo.