Kabla hujaomba cheti cha ustawi wa wanyama kituoni

Kituo kinachotunza wanyama pori kikianza kuzungumzia cheti cha ustawi wa wanyama, mara nyingi pesa za kwanza huenda kwenye rangi. Mabango yanaandikwa upya, njia za wageni zinamwagiwa kokoto, lango linapata paa. Si vibaya, ila mkaguzi anakuja kumwona mnyama. Atasimama mbele ya tumbili anayerudia njia ileile ya banda tangu asubuhi, na mbele ya bundi asiye na pa kujificha jua na macho ya watu. Ndiyo maana maandalizi huanza kwa mnyama mmoja mmoja, miezi kadhaa kabla ya fomu.

Ujue kwanza unaomba kwa nani. Leseni ya serikali na cheti cha ustawi ni vitu viwili tofauti, na bila leseni hai hakuna mkaguzi wa maana atakayekusikiliza. Kwa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakubana hata kama cheti hukitaki. Kwa upande wa vyeti, kituo cha elimu chenye wanyama wa maonyesho kitaangalia PAAZA, chama cha bustani za wanyama na akwaria za Afrika kilichoanza mwaka 1989. Kituo kinachookoa wanyama na kuwatunza kitaangalia GFAS, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa mwaka 2007. Hawa wa pili hawana simile kwa biashara ya wanyama, uzalishaji wa kibiashara, wala wageni kuwashika wanyama pori. Kama sehemu ya mapato yako ni picha za watu waliovishwa chatu shingoni, suala hilo limalizwe kabla ya mengine yote. Mimi ningeliacha hata bila kushurutishwa na cheti chochote.

Kazi kubwa iko kwenye mafaili. Kila mnyama awe na lake: alitoka wapi, aliletwa na nani na kwa kibali gani, uzito wake mwezi hadi mwezi, matibabu aliyopata, na sababu ya kutorudishwa porini. Hilo la mwisho ndilo linalowakwamisha wengi. Tai aliyepoteza bawa kwenye nyaya za umeme ana jibu la wazi, na barua ya daktari inatosha. Nguchiro aliyeokotwa mchanga akazoeleka kwa sababu watoto wa shule wanampenda, huyo jibu lake ni zito zaidi, na ni afadhali mlijadili wenyewe mapema kuliko kuulizwa na mgeni. Kila mmoja pia atambulike bila ubishi, kwa chipu ndogo ya chini ya ngozi au pete ya mguuni. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wa kwanza walitoka Ushelisheli mwaka 1919, waliibwa hadi kufikia miaka ya 1990 wakawa wamebaki wachache mno. Mnyama asiye na alama, akiibwa huna cha kuonyesha polisi.

Mizani ni lazima, lakini mkono nao unasema. Mshike tai, pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukichoma kama ukingo wa kisu, ndege amekonda, na manyoya yamekuwa yakikuficha. Kisha mgeuze uangalie nyayo. Ndege anayesimama siku nzima kwenye bomba laini au ubao bapa, uzito wote ukiangukia sehemu moja, huota sugu, kisha uvimbe, kisha kidonda ambacho kinaweza kuingia hadi mfupani. Dawa yake ya kwanza haina gharama: matawi yenye unene tofauti, mengine yamezungushiwa kamba ya katani.

Chakula nacho kikaguliwe bila huruma. Ndizi tunazolima zina sukari nyingi kuliko matunda ya porini, na mwaka 2014 bustani ya Paignton, Uingereza, iliziondoa kabisa kwenye mlo wa nyani wake kwa sababu ya meno na kisukari. Kwetu wageni bado wanauziwa ndizi getini wakawarushie tumbili.

Vipimo vingi vya sasa vimejengwa juu ya mfumo aliouandika David Mellor na mwenzake huko New Zealand mwaka 1994: lishe, mazingira, afya, tabia, na jinsi mnyama mwenyewe anavyojisikia. Vitatu vya mwanzo vinapimika kirahisi. Kwa viwili vya mwisho, jiulize kama mnyama anaweza kuwakimbia wageni akitaka. Banda lisilo na kona ya kujificha, hata liwe kubwa, halijakamilika. Wageni watalalamika kwamba hawakumwona fungo. Waelezwe kwamba fungo hutembea usiku.

Andika pia mpango wa dharura: moto, mafuriko, mnyama kutoroka, mnyama mgeni kutengwa kabla ya kuchanganywa na wenzake. Weka na ukurasa wa fedha. Mwaka 2020 watalii walipokoma kuja, vituo vilivyoishi kwa viingilio vilibaki na midomo ileile ya kulisha, na akiba ya chakula cha miezi michache ikawa suala la uhai. Sokwe huambukizwa magonjwa ya watu, kwa hiyo watunzaji wao wapimwe kifua kikuu, na mwenye mafua abaki nyumbani kwa malipo, la sivyo atakuja kazini akikohoa kwa siri.

Mwisho, kaa na watunzaji wenyewe. Mkaguzi hatamwuliza meneja peke yake. Atamwendea anayefagia banda amwulize huyu anakula nini, jana alilala wapi, ukiona hali si ya kawaida unamwambia nani. Kama mtunzaji anaogopa kusema mnyama anaumwa kwa kuhofia lawama, fomu isubiri.