Seva ya PostgreSQL inapolemewa, mtafute mteja anayeilemea

Msimu wa korosho ukianza, seva ninayoitunza hapa Mtwara mjini huhudumia kwa pamoja makarani wa maghala ya Masasi, Newala na Tandahimba. Ikizidiwa, wengi hukimbilia kuizima na kuiwasha. Tafadhali usifanye hivyo. Utamkata karani aliye katikati ya kuandika stakabadhi, na aliyeleta tatizo atarudi dakika mbili baadaye.

PostgreSQL, programu ya kanzidata, humpa kila mteja (yaani kila muunganisho unaoingia) mchakato wake ndani ya Linux. Ukishapata namba ya mchakato, umempata mtu.

1. Anza na prosesa.

`top -c -u postgres`

Utaona mistari kama `postgres: ripoti ghala 10.0.0.14(51522) SELECT`: jina la mtumiaji, kanzidata, anwani na kazi anayofanya. Tuseme namba yake ni 4821.

2. Mwulize PostgreSQL anafanya nini.

`SELECT pid, usename, application_name, state, now() - xact_start AS muda, query FROM pg_stat_activity WHERE backend_type = 'client backend' ORDER BY xact_start;`

Kama makarani wote wanapitia programu moja, anwani zitafanana. Ndiyo maana kila ghala nimelipatia `application_name` yake, yaani jina la kulitambulisha.

3. Memori. Safu ya RES (memori ya mchakato) kwenye `top` hudanganya, kwa sababu huhesabu pia memori ambayo michakato yote inachangia. Kuona memori yake binafsi, tumia:

`sudo grep '^Anonymous' /proc/4821/smaps_rollup`

4. Diski. Soma `/proc/4821/io` mara mbili, sekunde kumi zikipita katikati, uone `read_bytes` (baiti zilizosomwa kutoka diski) imepanda kiasi gani.

5. Msimamishe kwa adabu. Kwanza `SELECT pg_cancel_backend(4821);`, inayokatiza swali tu. Akikaidi, `pg_terminate_backend`, inayokata muunganisho wake wote. Kamwe usitumie `kill -9`, amri ya Linux ya kuua mchakato kwa nguvu: PostgreSQL itawatoa wateja wote ndipo ijirekebishe.

Sasa lile linalowapita wengi. Siku moja makarani walikwama huku prosesa imetulia kabisa. Hatua ya 2 ilinionyesha mteja mmoja, `idle in transaction` (ameanza muamala, hajaumaliza, na hafanyi kitu), muda saa tatu. Alifungua fomu ya mzigo, umeme ukakatika kwake, na rekodi alizozishika kwenye kanzidata zikabaki zimefungwa. Kila aliyezihitaji alisubiri. Mteja wa namna hii halemei prosesa, kwa hiyo `top` haitakuonyesha kitu. Tangu siku hiyo nimeweka kikomo, anayekaa hivyo dakika kumi akatwe:

`ALTER ROLE karani SET idle_in_transaction_session_timeout = '10min';`

Inashika kwa miunganisho mipya tu, kwa hiyo waliokwisha kuingia itabidi watoke na kuingia tena.