Kupanga bustani ya mjini Mtwara: watu huku, ndege na popo kule

1. Angalia kabla ya kuchora. Nenda kiwanjani alfajiri, mchana na magharibi. Watu wanapokatiza sasa ndipo njia zako zipite. Ukipaziba watakanyaga maua. Tia alama miti mikubwa. Mbuyu usiuguse: maua yake hufunguka jioni, na popo ndio huyachavusha.

2. Tenga pande mbili. Upande wa barabarani ni wa watu: mabenchi, kivuli cha wacheza bao, uwanja wa watoto. Nyuma acha kichaka. Katikati weka ukanda wa majani mafupi, mtu amwone nyoka kabla hajamkanyaga. Taa ziwe upande wa watu tu, zimulike chini.

3. Panda mvua zikishika. Kusini tuna msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Mche wa Mei utakutegemea wewe na ndoo yako. Mkuyu, mzambarau na mkwaju vinatosha kuanzia, ila mkuyu uwe mbali na ukuta na mabomba ya maji. Ongeza mdimu. Viwavi wa vipepeo watautoboa majani. Waache wale, na salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ibaki shambani.

4. Maji. Beseni pana lenye kina kifupi, na jiwe katikati ndege atue. Mwaga na ujaze kila baada ya siku 3, mbu wasipate muda wa kukua.

5. Majani makavu. Hapa huwa nabishana na karibu kila mtu. Tumezoea kufagia kwa chelewa mpaka mchanga uwe mweupe, kisha tunachoma, na bustani ikionekana hivyo tunaisifu. Lakini mchanga wetu wa pwani haushiki maji. Majani yanayooza ndiyo yanayoutunzia unyevu. Humo ndimo wanamojificha jongoo na wadudu ambao ndege huwapekua. Fagia njia na chini ya mabenchi, basi. Mengine yasogeze kwenye miti, unene wa kiganja, yasiguse shina lisije likaoza.

6. Mapipa yawe na vifuniko. Kunguru wa shingo ya kijivu, mgeni kutoka India, hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kinachomvuta ni mabaki ya chipsi na mihogo. Wauzaji wape nafasi karibu na geti, kila mmoja na pipa lake, na taka zitoke kabla ya giza.