Kabla hujanunua Discovery 3 la mkononi: pima jioni, rudi alfajiri

Mimi ni fundi wa injini za boti, kazi yangu ipo Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni. Nimezoea kusikiliza dizeli. Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu amejaa furaha: kapata Land Rover Discovery 3, dizeli, automatiki, viti 7 vya ngozi, namba D, mwenye gari anataka milioni 26. "Kaka, gari la hadhi hii kwa bei ya kutupwa!" Nilimwambia asitoe hata shilingi mpaka tulione pamoja. Nilikuwa na sababu.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua gari la kifahari la Ulaya, lenye springi za hewa kama hilo, yaani mifuko ya mpira yenye upepo inayobeba gari badala ya springi za chuma. Nililiona saa 7 mchana nyumbani kwa muuzaji. Injini ilikuwa ya moto tayari, gari limesimama juu vizuri, kiyoyozi kinapuliza barafu. Nikalizungusha dakika 10 kwenye lami, nikalipa. Wiki ya tatu, pale Usagara, likalala chini upande mmoja, matairi yakawa yanasugua mwili wa gari. Wakati huo watoto walikuwa ndani. Nilikuwa nimenunua kesi, na kosa lilikuwa langu: sikuliona likiwa baridi wala sikuliona asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni saa ya kwenda. Nenda jioni, pale gari linapolala kila siku, kabla ya giza. Sisi tulikwenda Nyakato saa 11 na nusu. Nilikuwa nimebeba tepu ya mke wangu ya kushonea, kalamu na karatasi. Gari likiwa sehemu tambarare, pima kutoka katikati ya ringi kwenda juu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu litakudanganya. Andika namba 4, moja kwa kila gurudumu. Letu lilisoma sentimita 46 na nusu mbele pande zote, 48 na nusu nyuma. Nikamwambia mwenye gari, "Mzee, tunaomba lisiwashwe mpaka tutakaporudi kesho saa 12 asubuhi." Akikubali bila shida, vizuri. Akianza kukwambia kesho alfajiri ana safari, muulize ni siku gani litalala. Siku ipo tu.

Asubuhi, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya uvuguvugu, limeshawashwa, na safari yako umeipoteza. Kisha pima tena zile sehemu 4.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hawalijui. Discovery 3 likiwa limezimwa, kompyuta yake huamka usiku na kulisawazisha gari kwa kufuata pembe iliyoshuka zaidi. Springi moja ikivuja, utakuta gari lote limeshuka sawasawa, na muuzaji atakwambia, "Unaona, halijaegemea upande, ni zima." Usikubali. Letu lilikuwa limepungua sentimita 3 pande zote. Kupungua kwa milimita chache kwa gari la umri huu hakunitishi, lakini sentimita 3 kwa usiku mmoja ni upepo unaotoka mahali.

Ukishapima, funua boneti injini ikiwa bado baridi. Fungua kifuniko cha oili uangalie upande wake wa ndani: ukikuta utando wa rangi ya maziwa, kama uji uliogandia, huenda maji yanaingia kwenye oili. Angalia kulanti, maji ya kupozea injini, kwenye tanki lake. Kazi hiyo ifanye sasa, maana kifuniko cha mfumo wa maji hakifunguliwi gari likiwa la moto. Halafu mwambie mwenyewe awashe, wewe usimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi unaokata haraka hauna neno. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito ukikanyaga mafuta ni habari ya hewa au nozeli zinazopulizia dizeli.

Kisha sikiliza, na usiharakishe. Dizeli ya gari hili ni V6 ya lita 2.7, nguvu farasi 190, tamu kuendesha, lakini ina udhaifu unaojulikana dunia nzima: beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na wakati mwingine krenki yenyewe kukatika. Ikikatika, hakuna ukarabati wa kubembeleza, unatafuta injini nyingine. Inama karibu na tairi la mbele usikilize chini ya injini. Mlio wa dizeli wa juu, wa haraka haraka, ni wa kawaida. Mlio mzito wa chini, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, unaozidi ukiongeza mafuta kidogo, ukiusikia ondoka hapo hapo. Mimi mlio huo naujua kutoka kwenye boti, na hakuna bei inayoufanya ukubalike. Omba risiti za kumwaga oili. Mwenye gari asiye na hata moja anakwambia kitu.

Uliza pia mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Ipo mikanda 2: wa mbele, na mwingine mdogo nyuma ya injini unaozungusha pampu ya dizeli ya presha kubwa. Wengi hubadilisha wa mbele tu. Mpira huzeeka kwa miaka hata gari likikaa bandani, kwa hiyo jibu la "halijatembea sana" si jibu. Kama hakuna karatasi, hesabu kwamba haikubadilishwa.

Kabla ya kuondoka, fundi wa umeme achomeke mashine yake na asome makosa yaliyomo. Mwache asifute kitu, na mkirudi asome tena. Wapo wanaofuta makosa asubuhi ili taa zote zizimike kwenye dashibodi, lakini mkitembea kilomita 40 makosa ya kweli hurudi.

Njia yetu ilikuwa hii, na kwa mtu wa Mwanza ninaipendekeza. Tulianza na mlima wa Isamilo, injini ikiwa imeshapata joto. Mlima ule unataka nguvu kwa mwendo mdogo, na hapo turbo iliyochoka na giaboksi mgonjwa hujitaja. Katikati ya mlima simama, vuta kitufe cha breki ya mkono, toa mguu. Gari likae. Breki hii ni ya umeme. Ikitoa mlio mkali wa kusaga chuma inapovuta au kuachia, inahitaji kazi kabla haijakwama kabisa. Ukishuka, kama utapata njia ya mawe pembeni, na kwetu mawe hayana uhaba, pita polepole vioo vikiwa chini na redio imezimwa. Kishindo cha "gudu, gudu" kutoka mbele mara nyingi ni bushi, yaani mipira ya maungio, za wishboni, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu. Gari lina uzito unaokaribia tani 2 na nusu, na bushi ndizo zinazoulipia.

Halafu barabara ndefu: Mkolani, Buhongwa, Usagara, hadi Kigongo kwenye daraja. Kuanzia Buhongwa tulishika mwendo wa 60 hadi 80 kwa kukanyaga mafuta kidogo sana, bila kulikimbiza. Gia ni 6. Zinatakiwa zibadilike usizisikie. Ukihisi mtetemo mfupi, kama umepita kwenye vituta vidogo vya rasta wakati lami ni laini, giaboksi inaomba mafuta mapya, au imeshapita hatua hiyo. Darajani, ile kilomita 3 ya kunyooka juu ya ziwa, upepo wa ubavuni ukikupiga shika usukani kwa wepesi uone kama gari linahama lenyewe. Letu lilinyooka vizuri sana. Mdogo wangu alitabasamu mpaka nikamwonea huruma, maana gari ni zuri kweli: unakaa juu, ziwa liko kushoto na kulia, kelele hakuna.

Tukirudi tulisimama Usagara tukalipandisha hadi kimo cha juu kabisa kwa swichi ya katikati. Kutoka kimo cha kawaida hupanda kama sentimita 5 na nusu. Likiwa juu, mikunjo ya mpira wa springi za hewa hufunguka, na nyufa zilizojificha huonekana. Tulipaka maji ya sabuni kwa sponji. Mbele kulia, povu dogo dogo likaanza kuchemka polepole. Zile sentimita 3 zilikuwa hapo. Sikiliza na kompresa pia, pampu inayojaza upepo kwenye springi, iko chini upande wa kushoto kuelekea nyuma: springi inayovuja huifanyisha kazi mchana na usiku, na mwisho huiua. Kwa hiyo ukikuta uvujaji, weka bei ya vyote viwili.

Mengine yapite haraka: zulia la mbele likiwa na unyevu, huenda mifereji ya dirisha la paa imeziba, tarakimu 4 za mwisho ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, namba ya chesesi ilingane na kadi, faini za trafiki zinaangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari.

Sasa pesa. Mdogo wangu hutembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Kwa foleni za Igoma na Buzuruga nampa kilomita 8 kwa lita, yaani lita 150. Ukichukua shilingi 3,000 kwa lita kurahisisha hesabu, ni 450,000 kwa mwezi, milioni 5.4 kwa mwaka. EWURA hutangaza bei kila mwezi, na huku kanda ya ziwa hulipa zaidi ya Dar, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako. Hiyo ni dizeli tu. Kisha piga simu kwa wauza spea 3 tofauti, uulizie springi ya hewa, kompresa, mikanda yote 2 na vifaa vyake, wishboni za mbele, na matairi 4. Kwetu spea nyingi hupanda basi kutoka Dar, ongeza nauli yake. Uliza pia gereji yako kama ina lifti ya kunyanyua bodi nzima, kwa sababu kazi kama ya kutoa turbo mafundi wengi huifanya kwa kutenganisha bodi na chesesi. Jumla hiyo ndiyo inayoungana na bei ya gari. Nilimwambia waziwazi: huna milioni 36 mkononi, usinunue gari la milioni 26. Zile 10 si za starehe, ni za mwaka wa kwanza.

Tulimrudishia mzee ufunguo saa 5, tukamwonyesha karatasi yenye namba za jioni na za asubuhi. Aliitazama muda, akasema hakuwahi kujua, akashusha milioni 3. Mdogo wangu aliomba siku 2. Jana usiku alikuwa bado anapiga simu Dar kuulizia kompresa.